Kumaliza ugomvi wa mtindo wa C kwa kikao kimoja: mwongozo kwa timu ndogo

Sisi ni watu watano. Tunatengeneza bodi ndogo zinazopima unyevu wa udongo na kufungua valvu za maji kwenye mashamba ya mboga, kuanzia Tengeru kushuka mpaka Usa River. Programu iliyomo ndani ya bodi hizo yote imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo C. Chipu tuliyoanza nayo, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kwenye nafasi hiyo lugha nyingi hazipati hata pa kuketi.

Kazi yenyewe ilikuwa inakwenda. Kilichokuwa hakiendi ni sisi. Mmoja wetu alisoma chuo hapahapa Arusha, akafundishwa kwamba bano pinda la kufungulia, `{`, linakaa peke yake kwenye mstari mpya. Mwingine ametoka Moshi, alijifunza C mwenyewe kwa kusoma msimbo wa keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, na kwake bano linabaki mwisho wa mstari. Kila mmoja akifungua faili la mwenzake alikuwa analisafisha kwanza kwa mkono wake. Badiliko la mistari miwili likawa linafika kwa mkaguzi, yule mwenzetu anayeipitia kazi kabla haijapokelewa, likiwa la faili zima, nyekundu (kilichofutwa) na kijani (kilichoongezwa) juu mpaka chini, na mkaguzi anaisaka ile mistari miwili kama anayesaka punje ya mchele kwenye ulezi. Mwisho anachoka, anapitisha.

Nimeandika mwongozo huu kwa timu yoyote ndogo iliyofika hapo. Ugomvi wa mtindo unaweza kuisha kwa kikao kimoja cha saa mbili mkikubaliana jambo moja mwanzoni: yale ambayo mashine inaweza kuyapanga, ipewe mashine iyapange, muda wenu muuweke kwenye yale ambayo mashine haiyaoni.

Hatua ya 1: Kila mtu aje na ushahidi

Siku tatu kabla ya kikao, mwombe kila mmoja alete vipande viwili vya msimbo kutoka kwenye hazina yenu wenyewe, yaani mahali mnapohifadhi msimbo wenu wote: kimoja kilichomchelewesha kusoma, na kingine kilichomdanganya, yaani alikisoma akaelewa kitu ambacho sicho kinachofanyika. Vipande vitoke kwenye kazi yenu, si mfano uliookotwa mtandaoni. Mfano wa mtandaoni huwa umetungwa ili upande mmoja ushinde.

Vichapishe kwenye karatasi, herufi kubwa, na ufute jina la aliyeandika. Hili la kufuta jina ninalisisitiza. Kwenye ofisi zetu kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita hawezi kumwambia mtu anayempa shikamoo kwamba msimbo wake umempotosha. Atanyamaza, na wewe utadhani amekubali. Karatasi isiyo na jina inampa nafasi ya kusema. Kwa sababu hiyohiyo, mzungumzaji wa kwanza awe mdogo kuliko wote, na kiongozi wa timu awe wa mwisho. Kiongozi akianza, kikao kimeisha hapo, wengine watakuwa wanaitikia tu.

Sentensi moja ipigwe marufuku mlangoni: "Mimi nimezoea hivi." Kila mtu amezoea kitu fulani. Anayetaka kanuni aonyeshe msomaji alipotea wapi na kanuni yake ingemwokoaje.

Hatua ya 2: Chora mstari katikati ya ubao

Upande wa kushoto andika mambo ya macho, kulia andika mambo ya maana. Kila hoja ikitajwa, jiulizeni swali moja: programu ya kupanga msimbo ikipita juu ya faili hili, tatizo litakwisha? Likiisha, hoja inakwenda kushoto. Upana wa mstari, nafasi kabla ya mabano, bano linakaa wapi, mstari unaingia ndani kiasi gani: kushoto. Majina, namna ya kushughulikia makosa, nani anawajibika kuachia kumbukumbu aliyoiomba, fanksheni ifanye mambo mangapi: kulia.

Mtashangaa upande wa kushoto utakavyojaa, kisha mtashangaa zaidi kuona kwamba karibu hasira zenu zote zilikuwa kushoto na karibu hitilafu zenu zote zilikuwa kulia.

Hatua ya 3: Upande wa kushoto, nusu saa kwa saa ya ukutani

Mabishano mengi ya upande huu hufa yenyewe watu wakijua kila desturi ilizaliwa wapi, kwa hiyo anza kwa kuwaeleza.

Upana wa herufi 80 umetoka kwenye kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928, zilizokuwa na safu 80. Terminali zilizokuja baadaye, kama VT100 ya 1978, zilirithi upana huohuo. Watu wa keneli ya Linux wameishi na 80 miaka yote. Mwaka 2020 waliipa programu yao ya kukagua mtindo ruhusa ya kunyamaza mpaka herufi 100, ingawa 80 bado ndio upana wanaoupendelea.

Desturi ya kuweka bano la fanksheni kwenye mstari mpya huku la `if` likibaki mwisho wa mstari huwachanganya wanaoanza. Ilienea kupitia kitabu cha C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie cha 1978, na ilikuwa na maana yake: kwenye C ya zamani aina za vigeu vinavyopokelewa na fanksheni ziliandikwa chini ya jina lake, kabla ya bano, kwa hiyo bano lisingeweza kukaa mstari mmoja na jina. Uandishi huo wa zamani umeondolewa kabisa kwenye kiwango cha C23, lakini bano limebaki pale lilipoachwa.

Eric Allman, yule aliyeandika sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe, aliweka kila bano kwenye mstari wake, na mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Ndio aliofundishwa mwenzetu wa chuoni. Mradi wa programu huria wa GNU unaingiza mstari kwa nafasi mbili na kuweka aina ya jibu kwenye mstari wake, ili jina la fanksheni lianze mwanzo kabisa wa mstari na uweze kulitafuta mahali lilipoandikwa bila kuokota kila linapoitwa. Linux wanaingiza kwa tabo yenye upana wa nafasi nane, kwa makusudi: ukifika ngazi ya nne msimbo unakuwa umesogea kulia kiasi kwamba huwezi kujificha, inabidi uigawe fanksheni.

Hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alikuwa anajibu tatizo lililokuwa mbele yake. Basi nanyi tazameni lenu.

Sisi tulichagua nafasi nne, bila tabo, mabano ya Linux, upana 80. Nane tuliikataa kwa sababu ambayo nitaifikia kwenye majina: vigeu vyetu ni vya Kiswahili, ni virefu, na ngazi mbili za nafasi nane zinakula sehemu nzuri ya mstari. (Makefile ndiyo pekee iliyobaki na tabo, maana yenyewe bila tabo haifanyi kazi.)

Kila hoja ipewe dakika tatu, kisha mikono juu. Kura zikilingana, msibishane tena: hesabuni kwenye hazina yenu mtindo upi tayari ni mwingi, huo ndio umeshinda. Kisha andikeni uamuzi mahali ambapo mashine itausoma, yaani faili la `.clang-format` kwenye mzizi wa mradi, linalosomwa na clang-format, programu ya kupanga msimbo:

```
BasedOnStyle: LLVM
IndentWidth: 4
UseTab: Never
ColumnLimit: 80
BreakBeforeBraces: Linux
PointerAlignment: Right
AllowShortIfStatementsOnASingleLine: Never
AllowShortFunctionsOnASingleLine: None
SortIncludes: Never
InsertBraces: true
```

Mistari mitatu hapo inahitaji neno. `PointerAlignment: Right` inaifanya nyota ishikamane na jina, `int *p`. Nyota ni ya kigeu, si ya aina: ukiandika `int* p, q;` jicho linaona pointa mbili (vigeu vinavyoshika anwani ya kumbukumbu), kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaona pointa moja na namba moja. `SortIncludes: Never` ni kwa ajili ya wanaofanya kazi na bodi kama sisi; vichwa vya maktaba fulani (mafaili ya `.h`) vinategemeana kwa mpangilio, ukivipanga kwa alfabeti mradi unagoma. Na `InsertBraces`, inayopatikana kuanzia toleo la 15 la clang-format, ndiyo inayotupeleka upande wa pili wa ubao.

Hatua ya 4: Mabano ya mstari mmoja

C inakuruhusu kuacha mabano pinda kama `if` ina amri moja tu. Wengi huyaacha, na msimbo unakuwa mfupi na safi. Mtindo wa Linux wenyewe unataka yaachwe. Hoja hii inaonekana ya macho, lakini mimi nimeihamishia kulia, na nitaeleza kilichonihamisha.

Kwenye moja ya bodi zetu tulikuwa na mistari hii:

```c
if (unyevu >= UNYEVU_TOSHA)
    funga_valvu();
```

Siku moja nikataka kila kipimo cha udongo uliolowa kiandikwe, nikaongeza mstari:

```c
if (unyevu >= UNYEVU_TOSHA)
    andika_kipimo(unyevu);
    funga_valvu();
```

Isome polepole. Macho yanaona amri mbili chini ya sharti moja. Kompaila haijali nafasi ulizoacha. Kwake sharti linashika `andika_kipimo` peke yake, na `funga_valvu` inafanyika kila mara, udongo uwe umelowa au umekauka. Nilipakia, nikapeleka bodi shambani.

Siku ya nne simu ikaita. Mama mwenye shamba, mpole kama kawaida yake, akaniambia: "Mwanangu, mashine yenu inafungua maji halafu inafunga hapohapo. Nyanya zinanifia." Nilimwambia, "Shikamoo mama, nakuja sasa hivi." Nilifika nikachuchumaa kando ya valvu. Mota ikanguruma, maji yakafika kwenye tundu la kwanza la mpira, tone moja, mawili, kisha mota ikanguruma tena na valvu ikafunga. Dakika kumi baadaye, hivyohivyo. Majani ya nyanya yalikuwa yamejikunja kwa ndani. Alinisikiliza nikieleza kosa, akaniuliza tu kama maji yatarudi jioni ile. Yalirudi, ila matuta mawili hayakupona.

Hitilafu ya aina hii imewahi kuwapata wakubwa. Februari 2014 Apple walirekebisha kosa kwenye iOS 7 na OS X 10.9: kwenye fanksheni ya kuhakiki saini ya muunganisho salama, mstari `goto fail;`, yaani amri ya kuruka hadi mahali palipoitwa `fail`, ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo chini ya `if` isiyo na mabano. Wa kwanza ulitii sharti. Wa pili haukutii lolote, ukaruka hatua ya mwisho ya uhakiki na kurudisha jibu la kwamba mambo ni sawa. Mabano peke yake yasingemzuia mtu kurudia mstari, hilo nalikubali. Lakini mstari uliorudiwa ndani ya mabano usingeleta madhara, na nje ya mabano ungeonekana kwa mtu yeyote aliyetazama.

MISRA C, kanuni za kuandika C kwa usalama zilizotungwa kwanza kwa ajili ya magari mwaka 1998, zinalazimisha mabano kila mahali, na kwenye hili ninaungana nazo. Hata hivyo msiishie kwenye mabano. Washeni maonyo ya kompaila. GCC, kompaila tunayoitumia, tangu toleo la 6 la mwaka 2016 ina onyo la mstari ulioingizwa ndani kwa udanganyifu, nalo limo ndani ya `-Wall`. Siku ile maonyo kwenye mradi wetu yalikuwa yamezimwa; yangewaka, ningeona kosa kabla sijatoka ofisini. Sasa tunatumia:

```
gcc -std=c11 -Wall -Wextra -Werror
```

Kwa maonyo hayo hamhitaji tena ile desturi ya kuandika `if (0 == x)` kinyumenyume ili kujikinga na `=` moja, inayoweka thamani badala ya kulinganisha. Kompaila inakuonya yenyewe, na sharti linabaki linasomeka.

Hatua ya 5: Majina, na lugha ya majina

Hapa ndipo kikao kitumie muda mrefu kuliko pote, na hapa miongozo iliyoandikwa kwingine haitawasaidia, kwa sababu waandishi wake hawakuwahi kujiuliza msimbo uwe kwa lugha gani.

Kibaya kuliko vyote ni kuchanganya ndani ya jina moja. Tulikuwa na `get_unyevu`, `somaMoisture` na `read_unyevu_wa_soil`, na zote tatu zilikuwa zinafanya kazi moja. Chagueni mpaka na mpaka uheshimiwe. Kama mnatarajia watu wa nchi nyingine waje kuchangia, andikeni Kiingereza chote, hakuna aibu. Sisi wateja wetu na wasomaji wetu wapo hapa, tukakata hivi: mambo ya chipu yanabaki na majina ya chipu (`adc`, `uart`, `timer`), mambo ya shamba yanakuwa Kiswahili. `zamu` ni `zamu`. Kwenye mifongo (mifereji ya asili) ya mlimani kule Uchagani maji yamegawanywa kwa zamu tangu enzi za mababu, na mkulima anayetumia kifaa chetu analielewa neno hilo kuliko sisi. Akisema "zamu yangu imerukwa", ninafungua faili natafuta `zamu`, sitafsiri kichwani.

Kisha tukagundua kitu ambacho mimi kilinifurahisha kuliko yote ya siku ile. Valvu yenye mota huchukua sekunde kadhaa kufunguka. Zamani tulikuwa na kigeu kimoja, `valve_open`, na hakuna aliyekuwa na uhakika kinasema nini: tumeiamuru ifunguke, au imefunguka kweli? Nusu ya hitilafu zetu za valvu zilikuwa kwenye mkanganyiko huo. Kiswahili kinazo njia za kutenganisha ndani ya kitenzi chenyewe:

```c
void fungua_valvu(void); /* amri */
bool valvu_imefunguliwa; /* tumeshatoa amri */
bool valvu_inafunguka; /* mota inazunguka */
bool valvu_imefunguka;         /* kihisi kimethibitisha */
```

Mzazi yeyote anajua tofauti ya "nimeufungua mlango" na "mlango umefunguka". Tukaandika kanuni: fanksheni inayofanya jambo inaanza na kitenzi cha kuamrisha, kigeu cha hali kinaanza na jina la kitu, kikifuatiwa na kitenzi chenye "-na-" kwa kinachoendelea au "-me-" kwa kilichokamilika, na tunachodhani kinatumia kauli ya kutendwa, tulichokithibitisha kinatumia kauli ya kutendeka. Hiyo kanuni ya mwisho imetuondolea hitilafu nyingi kuliko mabishano yote ya tabo na nafasi.

Ngeli zilizua mjadala wake. Kuna aliyeandika `tangi_imejaa`.

"Kaka, tangi ni li-ya. Limejaa," akasema mdogo wetu.

"Najua, dogo, lakini hapa mtaani nani anasema limejaa? Chalii akikupigia simu atakwambia tangi imejaa."

Wote wawili walikuwa sahihi. Tulichagua sanifu, `tangi_limejaa`, kwa sababu moja: jina la sanifu mtu anaweza kulikisia bila kumuuliza mwenzake, na mkibishana kamusi ipo. La mtaani kila mtu ana lake.

Tahadhari mbili kabla hamjaondoka kwenye majina. Ya kwanza, herufi ya ng' haiingii kwenye jina la C. Ile alama ya juu inafungua herufi ya nukuu na kompaila itakupigia kelele. King'ora chetu cha tangi kinaitwa `kingora`. Ya pili, majina yetu hufanana mwanzoni. Kiwango cha C cha 1989 kiliihakikishia programu herufi 6 tu za mwanzo kwa majina yanayoonekana nje ya faili, na kwa kipimo hicho `valvu_imefunguka` na `valvu_imefunguliwa` yangeweza kuhesabiwa kuwa jina moja. C99 ilipandisha idadi hiyo mpaka 31, kwa hiyo kompaila za leo hazina shida. Shida ni macho ya binadamu. Majina mawili yakitofautiana mwishoni tu, msiyaweke kwenye mstari mmoja.

Yaliyobaki ni mepesi. Herufi ndogo na mstari wa chini kwa fanksheni na vigeu, herufi kubwa kwa makro. Msianze jina kwa mistari miwili ya chini, wala kwa mmoja unaofuatiwa na herufi kubwa: hayo ni mali ya kompaila na maktaba zake. Mwisho wa `_t` umehifadhiwa na POSIX, kiwango cha mifumo endeshi ya jamii ya Unix, tafuteni mwisho mwingine.

Hatua ya 6: Njia ya kutokea mambo yakiharibika

Mtu atasema `goto` ni haramu. Mwulize imemdanganya wapi. Iliyo mbaya ni ile inayorudi nyuma na kuruka huku na kule. Ile inayokwenda mbele tu, kurudisha ulivyovichukua kwa mpangilio wa kinyume, ni msaada:

```c
int anza_kituo(void)
{
    if (washa_adc() != 0) {
        return -1;
    }
    if (washa_redio() != 0) {
        goto rudisha_adc;
    }
    if (soma_mipangilio() != 0) {
        goto rudisha_redio;
    }
    return 0;

rudisha_redio:
    zima_redio();
rudisha_adc:
    zima_adc();
    return -1;
}
```

Keneli ya Linux imejaa mtindo huu. MISRA ya 2004 iliikataza `goto` moja kwa moja. Ya 2012 ililegeza, ikabaki kuwa ushauri, ila ukiitumia ni lazima iende mbele na isiingie ndani ya kizuizi cha msimbo ambacho haikuwemo. Sisi tumechukua msimamo huo wa pili neno kwa neno.

Kubalianeni pia jibu la mafanikio ni lipi. Kwetu 0 ni salama, hasi ni kosa, na fanksheni ya ndiyo au hapana inarudisha `bool` na jina lake ni la hali, kamwe si la amri. Hapa hapahitaji zaidi ya dakika tano.

Hatua ya 7: Ukurasa mmoja

Yaliyoamuliwa upande wa kulia yaandikwe kwenye faili la `MTINDO.md`, ukurasa mmoja tu. Kila kanuni iwe na sababu yake kwa sentensi moja na kile kipande cha msimbo kilichoizaa. Kwenye ukurasa wetu, chini ya kanuni ya mabano, kuna ile mistari mitatu ya nyanya. Kijana aliyekuja baada ya kikao aliisoma na hakuuliza kwa nini.

Andikeni pia namna ya kuifungua upya kanuni: anayetaka alete kipande kipya kutoka hazina, kisubiri kikao kijacho, mara mbili kwa mwaka. Katikati ya ukaguzi wa kazi ya mtu hakuna mjadala wa kanuni. Mkaguzi anaruhusiwa kusema "hii inapingana na ukurasa" au kunyamaza.

Hatua ya 8: Siku ya kupanga upya

Chagueni siku ambayo hakuna mtu mwenye tawi lililo wazi, yaani kazi ya pembeni ambayo bado haijaunganishwa na ya wote. Sisi tulichukua Jumamosi asubuhi. Jengeni programu kwanza, mhifadhi nakala ya faili la mwisho linalopakiwa kwenye chipu. Kisha:

```
cp kituo.hex kabla.hex
git ls-files '*.c' '*.h' | xargs clang-format -i
make clean && make
cmp kabla.hex kituo.hex
```

Amri ya mwisho ikinyamaza, mashine imegusa sura tu na maana imebaki ilivyo. Msiruke hatua hii, hasa mkiwa na `InsertBraces`, kwa sababu clang-format haielewi programu nzima na waandishi wake wenyewe wanatahadharisha kwamba inaweza kukosea. Ikisema mafaili yanatofautiana, angalieni kwanza kama mnatumia `assert`, `__LINE__` au `__TIME__`: namba za mistari na saa ya kujenga huingia ndani ya programu, na hizo zinabadilika bila kosa. Zimeni `assert` kwa `-DNDEBUG` mjaribu tena. Tofauti ikibaki, ifuatilieni mpaka muipate.

Mpango huu wote uingie kwenye Git, programu inayotunza historia ya hazina, kama badiliko moja lisilochanganywa na kitu kingine. Chukueni namba yake ndefu mwiweke kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja kwenye kompyuta yake aandike:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Git inafahamu jambo hili tangu toleo la 2.23. Bila hiyo, ukiuliza nani aliandika mstari fulani, kila mstari utakuonyesha jina la aliyeendesha clang-format Jumamosi ile.

Kuanzia hapo mlinzi awe mashine. Kwenye seva inayojenga mradi wenu ongezeni:

```
git ls-files '*.c' '*.h' | xargs clang-format --dry-run --Werror
```

Na wote muwe na toleo moja la clang-format. Matoleo tofauti hupanga tofauti kidogo, mtarudi kulekule kwenye nyekundu na kijani.

Limebaki folda la maktaba za watu wengine. Msiliguse. Mkilipanga upya, siku mnayotaka kuchukua toleo jipya la maktaba hamtaweza kulinganisha na la zamani. Wekeni ndani yake `.clang-format` yake peke yake, yenye mistari miwili:

```
DisableFormat: true
SortIncludes: Never
```

Fanyeni hivyo kabla ya ile amri ya Jumamosi, si baada yake.